Nyayo Nne za Chaki

Naanza na malalamiko, maana ndiyo niliyonayo kwa wingi. Mimi ni mkata vitambaa. Tuna karakana ya kushona sare za shule, mimi na mwenzangu: mimi nakata, yeye anashona. Meza yangu iko dirishani, cherehani yake iko ukutani, na kati yetu ni hatua tatu. Sasa kila kipande nikatacho, iwe kola, iwe mkono wa shati, nikimpa tu, huyo mwanamke hutoa futi shingoni mwake akakipima tena. Mbele ya wateja! Mtu akimwuliza, "Kwani mkataji wako hajui kazi?" hujibu, "Anajua sana. Ndiyo maana napima." Wateja hucheka. Mimi sicheki, na ni miaka kumi na tisa sasa.

Shuleni alikuwa akiitwa Bata, kwa ajili ya miguu yake, mmoja unatazama mashariki na mwingine magharibi. Mimi waliniita Kiberiti, na nadhani mmeshaona kwa nini.

Tulikuwa wasichana wanne wa mbio za kupokezana kijiti. Msichana mrefu tuliyemwita Twiga alikuwa wa mwisho, mimi wa tatu, Bata wa pili, na wa kwanza alikuwa binti mmoja mkimya aliyekuwa akikimbia, akamkabidhi Bata kijiti, akaenda zake kukaa chini. Mwalimu wetu alifundisha hisabati. Tulimwita Mwalimu Rula. Mtu yule hakuwahi kukimbia maishani mwake, hata mvua hakuikimbia, lakini alipima kila kitu. Alipima miguu yetu, alipima uwanja, alipima hata muda tuliotumia kunywa maji.

Kijiti chenyewe kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio, kimezungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme. Kile cha kweli tulikuwa tukikutana nacho siku ya mashindano tu. Na shule yetu ilikuwa na sheria yake ambayo sijaisikia pengine popote: aliyesababisha kijiti kianguke, anakilea. Siku kumi nzima anatembea nacho. Darasani kiko juu ya dawati, kwenye foleni ya chakula kiko kwapani, nyumbani anarudi nacho. Na mashindano yanayofuata hakimbii. Tukakiita mtoto, na yeyote aliyekutana na mlezi alikuwa na ruhusa ya kumwuliza, "Mtoto hajambo?"

Mimi nilitaka kukimbia wa mwisho. Wa mwisho ndiye anayekata utepe, ndiye anayeshangiliwa. Nikamwendea mwalimu.

"Mwalimu, katika hawa wote nani ana kasi kunishinda mimi?"

"Hakuna."

"Sasa mbona wa mwisho ni Twiga?"

"Kwa sababu wewe hujui kupokea. Nikikuweka wa tatu, kila siku utajifunza kwa lazima."

"Kupokea? Si kijiti tu? Hata mtoto mchanga ukimpa kitu anapokea."

"Mtoto mchanga hageuki nyuma kumtazama anayempa," akasema, akarudi kwenye daftari lake.

Nilimchukia siku ile! Lakini alisema kweli, ngoja nieleze. Kupokea kijiti kuna adabu yake. Unahesabu nyayo kwa kiatu chako, kisigino kwa kidole, kurudi nyuma kule anakotoka mwenzako, na hapo unachora mstari wa chaki. Mwenzako akiukanyaga ule mstari, wewe unachomoka. Hutazami nyuma. Akikufikia anapiga kelele, "Shika!" nawe unarusha mkono nyuma, umeufungua, na kijiti kinaingia. Ukigeuka kutazama unapoteza hatua mbili. Mimi niligeuka kila mara. Mazoezi ya mwezi mzima, kila mara.

Na ningeachaje? Mimi sikulelewa na watu wa kungoja. Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, leo zamu ya asubuhi, kesho ya jioni, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Chakula nisipopika hakijipiki. Mlango nisipofunga haujifungi. Sasa niambiwe ninyooshe mkono gizani mchana kweupe, nimngoje Bata! Nilisema mbele ya timu nzima kwamba kumngoja Bata ni kama kungoja pensheni. Wakacheka mpaka Twiga akakaa chini. Bata hakucheka. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akaendelea kufunga.

Mstari wangu ulikuwa nyayo ishirini na tatu. Mwalimu Rula aliupata kwa hesabu zake, kutokana na kasi ya Bata na kasi yangu. Mimi niliona ni upuuzi. Mtu mwepesi akija, unaweka mstari mbali ili uchomoke mapema. Mtu mzito akija, unausogeza karibu, la sivyo utafika mwisho wa eneo la kupokezana huku yeye bado anahema nyuma. Na Bata alikuwa mzito, nani asiyejua?

Zikabaki wiki mbili tufike mashindano makubwa, shule jirani ikaja uwanjani kwetu kujaribiana nasi. Mwalimu alikuwa upande wa pili na kengele yake ya kuanzisha mbio mkononi. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Nikaufuta mstari wa nyayo ishirini na tatu kwa soli, nikachora mwingine wa kumi na tisa. Nyayo nne tu. Nikasimama nikajipangusa chaki kwenye kaptula, roho safi kabisa. Nilijiona ndiye mwenye akili peke yangu katika uwanja mzima.

Mbio zikaanza. Yule mkimya akamfikia Bata, Bata akashika kijiti, na mimi, bila shaka, nikageuka kutazama. Sikuamini macho yangu. Bata alikuwa anakuja! Miguu ni ileile, mashariki na magharibi, lakini alikuwa anakuja kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Nikawa bado nashangaa, amekwisha kukanyaga mstari wangu. Nikachomoka, nimechelewa. Sijamaliza hata hatua ya tatu nikasikia "Shika!" sikioni kabisa, kiatu chake kikanikanyaga kisigino, kijiti kikanigonga kiwiko, kikaruka, na sote wawili chini.

Sasa sikieni nilichofanya. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mdomo umejaa vumbi, naujua ukweli wote kama ninavyojua jina langu. Nikainuka, nikamgeukia Bata, nikapiga kelele uwanja mzima usikie: "Unakimbilia wapi? Hunioni?"

Bata akatazama nyuma kwenye mistari, lakini viatu vya wakimbiaji vilikuwa vimeivuruga, ilibaki vipande vipande. Twiga akasema, "Bata, jamani, si upunguze mwendo kidogo?" Mwalimu Rula akaja, akatazama, akasema sheria ni sheria. Bata akaenda mwenyewe akakiokota kijiti kwenye nyasi, akakipangusa kwa kaptula yake.

Siku ya kwanza ilikuwa kelele tupu. "Mtoto hajambo?" "Ameshaota meno?" "Mbona kafanana na baba yake ufagio?" Na Bata anajibu, taratibu kabisa, "Hajambo, anakusalimu." Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Angelia, ningemwonea huruma yakaisha. Angenitukana, ningemtukana yakaisha vilevile. Lakini anakusalimu! Siku ya tatu nilimwona kwenye foleni ya chakula, sahani mkono mmoja, kijiti kwapani, kikombe kakishika kwa meno. Siku ya tano nikamkuta bombani anakiosha kile kijiti na uso umelowa. Nikajiambia ni maji ya bomba. Nilitembea nikijiambia hivyo mpaka darasani, na sikujiamini.

Jioni ile nikamkuta Mama ana furaha ambayo si yake ya kila siku. Tulikuwa tunakunja shuka, yeye kona mbili na mimi kona mbili, akasema, "Nimebadilishana zamu. Jumamosi ya mashindano nakuja kukuona unakimbia."

Mama hakuwahi kuniona nikikimbia. Hata mara moja. Kila mashindano yalimkuta kazini. Wenzangu walikuwa na mama zao pembeni mwa uwanja, mimi nilikuwa na begi langu. Nilikuwa nimeomba jambo hilo miaka mitatu, na sasa limekuja, nami nimesimama na kona mbili za shuka mikononi, nimeacha kukunja.

"Mama," nikasema, "kama mtu amefanya kosa, akaadhibiwa mwingine..."

"Mtu huyo ni wewe?"

"Nimesema mtu."

"Mtu huyo anakula kwangu?"

Mama akaja na kona zake, akazikutanisha na zangu, akanitazama usoni.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Na wewe naona umeshafika mwisho wake, umesimama tu, hujui pa kwenda."

"Lakini nikisema sitakimbia! Na wewe umeshabadilisha zamu!"

"Zamu nimeshabadilisha, nitakuja. Kama si wewe unayekimbia, nitamtazama anayekimbia. Lete foronya."

Hakunigombeza. Kama angenigombeza ningepata pa kupumulia. Nilikunja foronya zote vibaya, akazikunjua zote akazikunja upya.

Siku ya nane nikaenda ofisini kwa Mwalimu Rula. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, marefu, yenye sababu. Nilipofika mlangoni yote yakanipotea, nikasema tu, "Mwalimu, nilisogeza mstari. Bata hana kosa. Ni mimi."

Akaweka kalamu chini. "Najua. Uliuweka kumi na tisa. Kilikuwa kimebaki kipande cha mstari, nikapima jioni ileile."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unajua? Tangu siku ileile?"

"Nilikuwa namngoja mwenye mguu uliofuta mstari aseme."

Hapo Kiberiti nikawaka kweli. "Siku nane! Siku nane umemwacha mwenzangu anabeba kijiti mpaka chooni, na wewe unajua? Unaningoja mimi nijifunze, na yeye je? Yeye alikuwa anajifunza nini?"

Nilitegemea anifukuze. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nilidhani utakuja siku ya pili," akasema. "Ya tatu ilipopita nilipaswa kusema mwenyewe. Nimekosea. Nitamwambia hivyo, na darasa zima nitaliambia. Jumamosi yeye atakimbia. Wewe hutakimbia."

"Najua."

"Nenda ukachukue mtoto wako."

Nikamkuta Bata uwanjani peke yake, anahesabu nyayo. Ndiyo, alikuwa anahesabu nyayo zake mwenyewe, tena na tena, akitafuta alikosea wapi. Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Nikamwambia yote. Sikuficha hata ile chaki niliyojipangusa kwenye kaptula.

Alisikiliza huku akikizungusha kijiti. Halafu akasema, "Unajua kwa nini siku ile nilikuja kwa kasi? Uliposema habari ya pensheni, nilianza kuja shuleni kabla ya kengele. Kila asubuhi, mizunguko sita ya uzio. Nilitaka siku moja tu nikufikie kabla hujageuka."

"Bata, nisamehe."

"Geuka," akasema.

"Nini?"

"Simama pale unapopokelea. Nipe mgongo. Nyoosha mkono. Na usitazame."

Nikasimama. Nikanyoosha mkono nyuma, nimeufungua. Nikasikia viatu vyake vinarudi nyuma, halafu sikusikia kitu. Jua lilikuwa kali. Mkono ukaanza kuuma begani. Nilitamani kugeuka, jamani, nilitamani mpaka shingo ikakakamaa! Kila nikitaka kugeuka najiambia, anakuja, ngoja, anakuja. Kengele ya darasa ikalia. Sikugeuka. Wanafunzi wa madarasa ya chini wakapita wakinicheka, mmoja akauliza kama naomba mvua. Sikugeuka. Mwishowe mpiga kengele, mzee mmoja mpole, akanijia na kuniambia, "Binti, mwenzako ameingia darasani zamani."

Nikageuka. Uwanja mtupu. Kijiti kilikuwa juu ya mstari wangu, kimesimamishwa wima kwenye mchanga.

Nilikasirika, msidhani sikukasirika. Nilikiokota nikasema maneno ambayo hayafai kuandikwa. Lakini nilikilea siku kumi, zangu zote, na walipouliza "Mtoto hajambo?" nilijibu kwamba hajambo. Sikuweza kuongeza "anakusalimu." Hilo lilikuwa la Bata.

Jumamosi Mama alikuja, amevaa gauni lake la pekee lisilonuka sabuni ya hospitali. Tukakaa pembeni mwa uwanja, kijiti chetu cha ufagio mapajani mwangu, wenzangu wanakimbia na kile cha kweli, kinachong'aa. Nafasi yangu alipewa msichana wa akiba. Bata akaja na miguu yake miwili isiyopatana, yule msichana akachomoka bila kutazama, akarusha mkono, kijiti kikaingia kama kimezoea kuingia pale.

"Huyo ndiye Bata?" Mama akauliza.

"Ndiye."

"Anakimbia vizuri."

"Najua, Mama."

Akatazama mapajani mwangu. "Na mtoto hajambo?"

Nikalia pale pale mbele za watu, na Mama akanishika begani akiendelea kutazama mbio, maana alisema zamu haikubadilishwa bure. Wakawa wa nne. Kama ningekuwepo mimi tungekuwa wa kwanza, au tungeanguka tena. Sijui, sitajua kamwe, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Msimu uliofuata nilirudi. Bata alikubali tukimbie pamoja kwa sharti moja: mstari wangu auhesabu yeye, kwa kiatu chake, kila siku, hata siku za mazoezi mepesi. Nikakubali kwa kununa. Nilijifunza kutogeuka. Hatukuangusha tena kijiti hata mara moja, na kila jioni niliondoka uwanjani nimekasirika, kwa sababu kila siku alihesabu.

Tulipomaliza shule kila mtu akashika njia yake. Miaka ikapita, siku moja akanijia mahali nilipokuwa nakata vitambaa kwa fundi mwingine. Akasema, "Nafungua karakana. Nataka mkataji."

"Wakataji wamejaa mji mzima. Kwa nini mimi?"

"Hao wengine sijui wanadanganyaje. Wewe nakujua."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na ndivyo nilivyoingia katika hii miaka kumi na tisa ya kupimwa.

Sasa juzi. Shule moja ilitaka sare mia mbili, tarehe imekaribia, tumeloa jasho wote wawili. Nikakata migongo ya mashati, nikaviringisha kumi pamoja, nikampelekea hatua zile tatu. Hakuinua kichwa. Akarusha mkono nyuma, umefunguka, nikamwekea. Akaiingiza chini ya sindano, cherehani ikaanza kulia. Futi iko shingoni, inaning'inia. Hakuigusa.

Nikasimama pale kama mjinga. "Hupimi?"

"Nina haraka," akasema.

Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya robota la kitambaa cha kaki, nikalia kwa sauti kama niliyefiwa. Nilipotoka akanitazama macho.

"Umelia nini?"

"Vumbi la kitambaa."

Cherehani ikasimama. Bata akaishika futi shingoni, akaivuta taratibu, akachomoa shati la kwanza kutoka kwenye mashine.

"Ngoja! Ngoja, nasema!" nikapiga kelele. "Nimelia kwa sababu hukupima."

Akairudisha futi shingoni, akaingiza shati chini ya sindano.

"Kata kola," akasema. "Tumechelewa."